Kobe Hataki Kubebwa

Zulma Pintos aliketi mstari wa mbele, kwenye kiti kilichowekewa mgeni wa heshima. Alikuwa amefundisha shule ile ya mji wa Salto kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mwalimu aliyethubutu kumwondoa kitini. Mbele yake alisimama mdogo wake, Elbia, akiwa na kitabu kipya cha picha alichokitunga mwenyewe. Vitabu vilivyotangulia alimwonyesha dada yake kabla havijaenda kuchapishwa. Hiki alikificha.

Elbia akafungua ukurasa wa kwanza. Kobe alikuwa amelala kivulini, chini ya mchungwa. Akaja mama mmoja akambeba. Watoto wakacheka. Ukurasa wa pili mama akamsugua gamba kwa mafuta ya kupikia mpaka likang'aa. Watoto wakazidi kucheka, na Zulma akacheka nao, maana hata yeye alikuwa na mazoea ya kumsugua Cirilo, kobe wa nyumbani kwao, kwa mafuta.

Ukurasa wa tatu Zulma akaacha kucheka. Mama wa kitabuni alikuwa mnene, nywele fupi, amevaa aproni ya mistari myekundu yenye mfuko mmoja mkubwa. Mikono yake ilichorwa mikubwa kuliko kichwa. Alimbusu kobe, akamwimbia, akamweleza habari za majirani wote, na kila alipomwinua, kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba. Mwishoni kobe akasema, "Leo sitaki kubebwa," na mama akabaki amesimama na ile mikono yake, hajui aiweke wapi.

Msichana mmoja asiye na meno ya mbele akageuka. "Mwalimu Zulma, huyu si wewe?"

Darasa zima likamtazama, likacheka. Zulma akapiga makofi pamoja na wengine. Aliyapiga mpaka viganja vikamwasha.

Walipofika nyumbani Zulma akavaa aproni yake, akaweka jikoni maji ya mate, ile chai chungu ya majani ya kwao, akiwa amempa mdogo wake mgongo.

"Mimi ni mtu mzima," akasema. "Una neno na mimi, niambie mimi. Wewe umekwenda kunishtaki kwa watoto wa miaka sita."

"Ni kitabu cha kobe, dada."

"Usinifanye mjinga, Elbia. Aproni ninayo mwilini."

"Ningekwambia saa ngapi? Tangu uje hapa sijamaliza sentensi moja."

Zulma alikuja kuishi kwa Elbia miaka miwili iliyopita, baada ya mumewe Ariel kufariki, akasema atakaa mwezi mmoja. Tangu hapo aliingia chumba cha kuchorea bila kubisha, na kikombe cha mate mkono mmoja na sahani ya machungwa mkono mwingine. Alipanga brashi kwa ukubwa. Alipokea simu za Elbia na kuwaambia watu kwamba amepumzika. Yote hayo aliyaita kusaidia, na aliamini hivyo.

"Nakupikia," akasema sasa. "Nakufulia. Bila mimi ungekula biskuti mpaka ufe."

"Napenda biskuti."

"Basi kula biskuti zako."

Siku tatu walipishana kama wapangaji waliogombana. Jumanne Elbia akapanda basi kwenda mji mkuu, Montevideo, kuonana na mchapishaji, alale huko siku mbili. Basi lilipoondoka Zulma alikwenda uani, akamwinua Cirilo, akamtia kwenye kreti ya machungwa na kumpeleka kwa jirani, mzee Olivera, aliyekuwa akilea wajukuu wawili.

"Elbia anajua?" mzee akauliza.

"Elbia anataka nafasi ya kupumua."

Aliporudi nyumbani aliosha mikono muda mrefu. Alijua amefanya ubaya. Raha ya ubaya ule ilidumu mpaka saa ya chakula cha jioni, kisha ikaisha, lakini hakwenda kumrudisha. Angekwenda, ingekuwa kama amekubali kwamba yule mama wa kitabuni ni yeye.

Elbia alirudi Alhamisi mchana. Alipita moja kwa moja uani, akainama chini ya kila kichaka, kisha akasimama mlangoni mwa jiko.

"Cirilo yuko wapi?"

"Mahali ambapo simbebi."

"Zulma. Nimekuuliza."

"Kwa Olivera. Si ulitaka nafasi? Nimekupa, mpaka ya kobe."

Elbia akatoka bila kufunga mlango. Aliporudi alikuwa amembeba Cirilo kifuani, na gamba lote limepakwa rangi ya kucha, waridi na zambarau, na ua moja limechorwa katikati. Wale wajukuu walikuwa na bidii. Alimweka mezani, juu ya kitambaa cha Zulma cha kufumwa, akachukua kisu kidogo akaanza kuikwangua rangi taratibu.

"Ile mikono ya kitabuni si yako," akasema bila kuinua macho. "Ni ya mama."

"Mama usimwingize."

"Na hiyo aproni ni ya mama. Uliikuta msumarini, ukaivaa, hukuuliza. Wewe ulipokwenda kusomea ualimu nilikuwa na miaka kumi na minne. Wiki ile ile mama aliung'oa mlango wa chumba changu. Alisema amebaki na mtoto mmoja na hataki kumpoteza. Nililala bila mlango miaka ishirini na sita, mpaka tulipomzika nikahamia hapa mjini. Alikuwa akija kunitazama nikilala. Ananishika uso."

Zulma aliukumbuka ule uwazi wa mlangoni. Kila Krismasi alipokwenda kijijini kwa mama aliuona, akadhani mbao zililiwa na mchwa.

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unakuja siku nne. Unaleta keki, unalia ukiondoka."

Hapo Zulma angeweza kukaa chini. Kulikuwa na kiti karibu. Badala yake akasikia sauti yake ikisema, "Basi ungeondoka na wewe. Nani alikufunga miguu?"

Elbia akaweka kisu chini.

"Mwisho wa mwezi utafute pa kukaa."

"Unanifukuza kwa sababu ya kobe?"

"Nakufukuza kwa hilo ulilosema sasa hivi."

Zulma akapata chumba juu ya duka la dawa, mitaa mitano kutoka hapo. Alihama kwa teksi, na Elbia hakutoka kumuaga. Asubuhi ya kwanza aliamka akachemsha maji ya watu wawili, akamwaga nusu, akamtukana mdogo wake kwa sauti katika chumba kitupu. Kitabu alikinunua mwenyewe dukani. Alikisoma mara nyingi, na kila mara alikaa zaidi kwenye ukurasa wa mwisho, akaichukia ile picha kwa kuwa ilikuwa imechorwa vizuri.

Wiki ya sita mlango ukagongwa. Alikuwa Elbia, na mfuko wa nguo za Zulma zilizosahaulika kwenye kamba ya kuanikia.

"Naweza kuingia?"

Zulma alikuwa na mkono kwenye kitasa. Chumba kilikuwa na kiti kimoja, kitanda kilichotandikwa, na redio aliyoifungua kwa sauti aliyoitaka.

"Leo hapana," akasema. "Njoo Jumapili. Piga simu kwanza."

Elbia akaweka mfuko sakafuni. "Saa ngapi?"

"Nitakwambia ukipiga."

Akafunga mlango, akasikiliza hatua za mdogo wake zikishuka ngazi mpaka mtaani.