Waliorudisha Rivolva

Jumanne saa mbili asubuhi Orval Tolman alikuwa akipiga tupa fremu ya rivolva iliyobanwa kwenye jiriwa. Mteja wa kwanza aliyekufa aliingia, akakung'uta theluji miguuni, akauliza marekebisho yanapokelewa wapi.

Swali lilikuwa la haki. Katika karakana ile ya bastola, huko Wyoming, Marekani, kila silinda ilitobolewa ikiwa ndani ya fremu yake, isiweze kuingia kwenye nyingine, na fundi aliyeiunganisha ndiye aliyeirekebisha bure mpaka mteja afe. Lakini kwenye cheti cha dhamana, kwa kutaka sifa, waliandika "daima".

"Ina tatizo gani?" Orval aliuliza.

"Haina," alijibu yule mtu, mfugaji aitwaye Lamar Christensen. "Niliitumia mara moja tu, kujipiga mwenyewe, ikafanya kazi vizuri kabisa. Nimekuja kukaa kidogo, kama hamna neno."

Wakamwonyesha benchi la dirishani. Kufikia Ijumaa walikuwa saba, kila mmoja na rivolva yake mapajani, na wote saba walisema haina tatizo. Mmoja mkewe alihama. Mwingine aliuza ng'ombe wote, akabaki na zizi. Mwingine simu yake haikulia tangu Pasaka. Janeen, aliyerithi karakana kwa baba yake, aliwapa chokoleti ya moto, maana bonde lile, kwa dini yao, kahawa hawanywi. Ilipoa mikononi mwao, akaimwaga, akaleta nyingine. Cheti ni cheti, alisema.

Orval alikuwa mjane mwaka wa sita. Alianza kufika kazini mapema, na tuseme ukweli, alikuwa na furaha. Wale watu walibishana juu ya bei ya nyasi na walimcheka chakula chake.

"Ndugu Tolman, huo mkate umeupaka nini, gundi?"

"Onja basi."

"Nife mara ya pili?"

Mwezi wa pili tangu waje, Janeen alimwita pembeni. Oda zilikuwa zimepungua, na kiwanda cha vipuri vya baiskeli kilitaka mashine zao.

"Ndugu Orval, bila wewe hakuna rivolva. Na wale pale nimewatazama vya kutosha. Ukisema tuache, tunaacha leo. Sitakulaumu."

Orval alijua la kusema. Alilijua tangu jibu la Lamar. Akageuka kutazama benchi. Wale watu walikuwa wameinamia kofia zao, na hakuna aliyemwomba kitu.

"Tukiacha, wataenda wapi?"

"Sijui. Labda hawatakuja tena."

Akafikiria nyumba yake, na sahani moja inayokauka kando ya sinki. 

"Tuendelee," alisema. "Angalau mwaka huu."

Janeen hakubisha. Alichukua oda ya asubuhi ile akamsomea, ili achague fremu. Ilitoka kwa Wendell Hirschi, fundi bomba mstaafu, aliyetaka mpini wa mti wa jozi. Kwenye fomu, penye jina la mtu mwingine wa kupokea mzigo yeye asipokuwepo, hakuandika kitu.

Pale dirishani wale saba wakasogeleana, wakaacha nafasi ya mtu mmoja. Orval aliiona. Akafungua jiriwa, akabana fremu mpya.