Benchi la Mdachi

Kupanda mlima kufuata kuni au mbuzi aliyepotea, hilo naliweza. Kupanda ili kutazama, kisha kushuka, hilo lilinichosha kabla sijainua mguu. Lakini jumbe alipita nyumba hadi nyumba akitangaza kwamba Bwana Hagemani, yule Mdachi mwenye shamba la kahawa kule Mbozi, anataka wapagazi, na kila nyumba itoe mtu mmoja. Nyumba yangu ilikuwa na watu wawili tu, mimi na binti yangu Nesta, ambaye hata meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kung'oka. Mume wangu Barnaba alivuka mpaka pale Tunduma kwenda kwenye migodi ya shaba Nesta akiwa tumboni, na tangu hapo hatukupata hata salamu. Basi nikaenda mimi.

Bwana Hagemani hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alitusimulia kwamba ametoka kwenye nchi ya vilima vilivyofunikwa na msitu, na kwamba huko siku za mapumziko watu hupanda kilima kimoja ili kuvitazama vingine, akina mama na watoto wakiwemo, hakuna anayewalazimisha. Miti hupakwa rangi ili mtu asipotee, na kila mahali panapoonekana mbali huwekwa benchi. Alipokuja kwetu Ibaba akaiona misitu yetu na vilele vyetu, akatuhurumia kwa kukosa mabenchi. Akayachongesha huko Mbozi, ya mbao nzito kabisa, akayaleta kwa gari mpaka barabara ilipokwisha. Kuanzia hapo gari lilikuwa vichwa vyetu.

Mimi nilipewa kibuyu cha maji na sufuria ya kahawa. Mzigo haukunitisha. Kilichonitisha ni kwamba miongoni mwa waliobeba benchi la kwanza alikuwamo Yonasi, baba wa mume wangu.

Kwetu sisi Wandali mke haonani na baba mkwe wake. Nikisikia anakohoa njiani, naingia porini mpaka apite. Yeye akijua niko kisimani, anazunguka. Mchungaji alihubiri mara nyingi kwamba hiyo ni desturi ya gizani, nasi tukaitikia amina kwa sauti kubwa, kisha tukatoka kanisani, yeye kwa mlango wa mbele na mimi kwa mlango wa ubavuni. Miaka yote hiyo tuliishi ua mmoja na sikuwahi kuuona uso wake. Nilikijua kikohozi chake, na mgongo wake kwa mbali, basi.

Na mama mkwe wangu, Enesi, alikuwa akitafuta sababu. Mara nyingi alisema, mimi nikisikia, kwamba mke asiye na mume ni mdomo wa bure kwenye ukoo. Kama ningevunja mwiko ule angenirudisha kwa wazazi wangu siku hiyo hiyo, na Nesta angebaki, maana mtoto ni wa kwao. Nililijua hilo kila nilipolala na kila nilipoamka, na nilichoka kulijua.

Kwa hiyo nilipanda mlima nikiwa wa mwisho, nyuma sana, kanga kichwani na macho kwenye vidole vyangu vya miguu. Msitu ulikuwa na unyevu na njia iliteleza. Mbele niliwasikia wakihema chini ya mbao, na Bwana Hagemani akiimba. Kila alipofika mahali pa kupendeza alisimama, akatwaa kopo la rangi nyekundu na kuupaka mti, halafu akaanza tena kuimba. Mti wa watu ulikuwa umesimama pale tangu enzi za mababu bila kumkosea mtu.

Njia ilipopinda karibu na kilele, nilisimama nyuma ya miti. Mpagazi mwenzangu Anania, mtu wa masihara asiyejua kuchoka, alishuka kuchukua kibuyu na sufuria.

"Shemeji, huko juu kuna ukungu mtupu," alisema. "Mzungu anasema tusubiri ufunguke. Tumebeba mbao tangu alfajiri tuje kutazama maziwa ya mgando!"

"Na mzee?"

"Mzee wako amechoka vibaya. Amelitua benchi, amekaa palepale."

Ukungu ulifunguka kidogo. Nilijua kwa kelele za Bwana Hagemani, maana alipiga makofi kama mtoto. Wakanywa kahawa. Halafu nikasikia anawaambia wenzangu wachukue benchi la pili, waende naye kwenye jabali lililo mwisho wa ukingo, upande wa pili, na kwamba watapiga kambi walale huko. Na kwa Yonasi akasema kwa upole, "Wewe mzee, usije. Kaa, tazama nchi yako. Ukishapumzika, rudi nyumbani." Aliona amempa zawadi.

Mzee alijibu kwa sauti ya chini mno, sikuyasikia majibu yake. Niliposikia nyayo zimetokomea, nilidhani mzee naye ameshaanza kushuka kwa njia ya ng'ombe, ile inayokwenda moja kwa moja kwetu. Nikapanda kuchukua vyombo niwafuate wenzangu.

Alikuwa amekaa kwenye benchi, amenipa mgongo.

Niligeuka haraka, nikafunika uso. Nikasubiri ainuke, aondoke. Hakuinuka. Upepo ulikuwa umeanza, ukungu ulikuwa unarudi, na huko juu baridi ya jioni haina mchezo. Nikamsikia anajaribu kusimama, akaanguka tena kwenye mbao. Akajaribu tena. Niliita, "Anania! Anania we!" mpaka koo likaniuma, na upepo ukaichukua sauti yangu na kwenda nayo kusikojulikana.

Ndipo akasema, kwa mara ya kwanza tangu niolewe akasema na mimi: "Pita, mama Nesta. Nenda zako."

"Miguu imekataa?" nikauliza, macho chini.

"Imekataa, na kifua kinabana. Wewe pita. Enesi akisikia, utarudishwa kwenu, na yule mtoto atabaki bila mama. Sema hukuniona."

Niliingiwa na hasira. Nilimkasirikia yeye, na Mdachi na benchi lake, na Barnaba aliyekwenda kuchimba shaba akasahau kwamba ana baba. Hasira ile ndiyo iliyonipa nguvu, maana nguvu nyingine sikuwa nayo. Nilimwambia ajifunike shuka kichwani. Nikamwendea kinyumenyume, nikapiga magoti mbele ya benchi nikiwa nimempa mgongo, nikasema, "Panda."

"Mama Nesta."

"Panda, Tata," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita mzee kwetu, "mvua inakuja."

Nikahisi mikono yake mabegani mwangu. Nikamfunga kwa kanga kama nilivyokuwa nikimfunga Nesta. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri, lakini mlima haujali wepesi wa mtu. Nilishuka nikishika mashina ya miti. Nilipochoka niliuegemea mti pamoja naye, tukapumua, tukaendelea. Hatukuonana. Nilijiambia hivyo njia nzima, kwamba hatujaonana, huku nikijua vizuri kwamba kugusana ni kubaya zaidi.

Tulipopumzika mara moja, alisema sikioni mwangu, "Mzungu aliniambia nitazame. Nikatazama upande wa Tunduma. Ukungu ulipofunguka niliona vilima mpaka mwisho wa macho. Nilidhani labda kutoka juu hivyo nitaona japo njia anayokuja nayo Barnaba."

"Ukaiona?"

"Vilima tu, mwanangu."

Tulifika jua likiwa halijazama. Enesi alikuwa uani anapeta mahindi, na Nesta pembeni yake. Aliponiona, ungo ulimponyoka. Hakupiga kelele. Alimpokea mumewe kutoka mgongoni mwangu, akamwingiza ndani, akamlaza karibu na moto. Mimi nikakaa chini ya upenu, nimeupa mlango mgongo, nikampakata Nesta. Sikulia. Nilikuwa nimechoka mno, nikawa nawaza tu ni nguo zipi zangu na ni kipi nitamwachia mtoto.

Enesi alitoka akasimama nyuma yangu.

"Umemgusa."

"Ndiyo, mama."

"Unajua maana yake."

"Najua. Niache nilale naye usiku huu mmoja. Asubuhi nitakwenda."

Kabla hajanijibu, kikohozi kilisikika ndani, kisha sauti ya Yonasi, dhaifu lakini ya mwenye nyumba. "Enesi. Mkwe akinigusa, amevunja mwiko. Je, binti akimbeba baba yake?"

"Binti hana mwiko," Enesi alisema. "Lakini yule si binti yako."

"Kuanzia leo ni binti yangu. Jumapili nitasimama kanisani niseme, na kwa wazee wa ukoo nitasema. Haondoki hapa."

Nilidhani Enesi atabisha kwa jeuri yake ile ya kila siku, lakini alipofungua kinywa sauti yake ilikuwa imechoka kama yangu. "Baba Barnaba, hebu fikiri. Akiwa binti yako, Barnaba ni kaka yake. Siku akirudi, hana mke hapa. Huwezi kumfanya yote mawili."

"Nimetazama leo," Yonasi alisema. "Nimetazama sana. Aulizwe mwenyewe."

Enesi akaja mbele yangu, akachuchumaa. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza kitu akisubiri nijibu. "Umesikia. Ukikubali, unabaki na mwanao, na hakuna wa kukugusa. Lakini Barnaba umemwacha, hata akija kesho. Usije ukanililia baadaye."

Nilimpenda Barnaba. Nisiseme uongo. Miaka yote ile nilikuwa nikilala upande mmoja wa kitanda, nimemwachia wake. Nilitaka kuomba muda wa kufikiri, lakini Nesta alikuwa amesinzia kifuani mwangu, mkono wake umeshika shingo yangu, na mgongo wangu uliuma, na sikuwa na mahali pengine pa kuutua mzigo.

"Nakubali," nikasema.

Enesi aliitikia kwa kichwa. Akamchukua Nesta kutoka mikononi mwangu. "Basi ingia ndani. Binti hakai nje baba yake akiwa mgonjwa."

Niliingia nimeinamisha kichwa, kwa mazoea. Niliona moto, nikaona miguu yake yenye matope ya mlimani. Nikakaa. Enesi alinipa kikombe cha uji nimnyweshe, na mtu hawezi kumnywesha mgonjwa bila kumtazama, kwa hiyo nikainua macho.

Yalikuwa macho ya Barnaba, na pua yake, na kale kashimo ka kidevuni. Alikuwa Barnaba mwenyewe, amezeeka, ananitazama.

"Kunywa, baba," nikamwambia.