Vidole Vilivyomkimbia Daktari

Vidole vya Torao vilikuwa na tabia mbaya. Asubuhi za baridi kule msituni vilikufa ganzi vikawa vyeupe kama mshumaa. Vikipata joto kidogo tu, vinarudi vyekundu na kunawiri, utadhani ni vya mtu asiyejua kazi. Miaka yote ya kukata mierezi kwa msumeno wa injini, ule mtetemo ulikuwa ukimla mishipa kimyakimya, lakini nani atakuamini una mikono ya rangi nzuri namna ile?

Si Kuwabara, msimamizi wao. "Wewe unachotaka ni kulala tu," alimwambia. "Niletee neno la daktari nikuhamishie kwenye kupanda miche. Huna, beba msumeno."

Na wiki ile msumeno ulikuwa umemponyoka, nusura umkate goti. Torao aliogopa, tena aliogopa sana.

Hata Mitsue, mkewe, hakumwamini. "Mabakuli yangu ndiyo yanayokuponyoka," alisema. "Mbona kikombe cha pombe ya sake hakijakuponyoka hata siku moja?"

Torao hakuthubutu kumwambia kwamba kile hukishika kwa mikono miwili.

Basi akaamua kumpelekea daktari vidole vikiwa bado vyeupe. Alfajiri alijaza theluji kwenye kopo lake la chakula, avitumbukize humo mlangoni kwa daktari. Wakapanda basi la kuteremka mjini, yeye na Mitsue, kopo likiwa mapajani mwa Mitsue.

Ndani ya basi hita ilikuwa inaunguruma. Torao akafungua dirisha na kutoa mikono nje.

"Funga dirisha, bwana! Unataka kutuua?" abiria wakapiga kelele.

Bibi mmoja aliyekaa kando yake akaivuta ile mikono ndani. "Masikini mwanangu, mikono ya maiti hii!" Akamwekea kiganjani kiazi kitamu cha kuchoma, chenye moto, na kumfunika kwa viganja vyake mwenyewe. Utamrudishiaje bibi wa watu kiazi chake? Torao alikishika na kushukuru huku moyo ukimuuma. Waliposhuka, vidole vilikuwa vyekundu kama vya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Mlangoni kwa daktari akafungua kopo. Humo mlikuwa na wali, na tunda lililokaushwa kwa chumvi katikati.

"Theluji yangu iko wapi?"

"Nimeimwaga. Nimeolewa na mtu mzima au na mtoto? Nani anakula theluji?"

Daktari Ninomiya alikuwa kijana mpole mwenye foleni ndefu. Aliigeuza mikono, akaibonyeza, akaiachia.

"Mikono mizuri hii, mzee. Sisemi unadanganya, ila siwezi kuandika nisichokiona."

Torao aliinuka, akaegemea kitu kilichokuwa karibu naye. Akainamisha kichwa na kuanza kubembeleza. Alieleza habari za msumeno, za goti, za Kuwabara. Alikuwa bado anaeleza daktari alipoanza kunusanusa.

"Nesi, nani anachoma samaki saa za kazi?"

Torao naye akanusa. "Ni samaki kweli," akasema, maana alitaka sana kupatana na daktari.

Mitsue akapiga ukelele. "Mkono! Baba Chiyoko, mkono wako!"

Torao akatazama. Kiganja chake kilikuwa kimetulia juu ya jiko la mafuta ya taa, karibu na birika linalochemka.

"Aa," akasema, akakiondoa. "Samahani, daktari. Nimewachafulia jiko."

Hakuna aliyecheka. Daktari aliufunga ule mkono kwa mikono yake mwenyewe, foleni ikasubiri. Kisha akaketi, akaandika, akaongeza karatasi ya pili. Mitsue, mwanamke aliyewahi kugombana na redio, alizikunja karatasi zote mbili taratibu akazitia kifuani.

Wakirudi, basi limejaa, Mitsue alifungua kopo mapajani na kushika vijiti. Akamega wali, akaupeleka kwenye mdomo wa mumewe. Watu wa rika lao hawafanyi mambo hayo hata wakiwa peke yao nyumbani.

"Mitsue, watu wanatutazama."

"Watazame." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Mabakuli yote yale nimekutukania. Fungua mdomo."

Torao akafungua. Lakini Mitsue akakumbuka kitu, akaurudisha mkono, akaupuliza ule wali kwanza, ingawa ulikuwa umepoa tangu asubuhi.