Pipa la Dirishani

Kinywaji kizuri humnyamazisha mtu. Nimeliona hilo kwa miaka arobaini na bado halijanidanganya. Mpe mtu kinywaji kibaya, ataanza kukusimulia: kina rangi nzuri, kinafaa kwa kifua, shemeji yake alikunywa kama hiki akapona mgongo. Mpe kizuri, ananyamaza. Anaitazama glasi kama aliyesikia ikimwita jina. Halafu anauliza kama kuna kiti.

Nimeonja vingi, sitaki kujifanya mtakatifu uzeeni. Bia naipenda, ila siyo ile ya baridi ya kugandisha meno, maana baridi ni shuka safi juu ya godoro bovu. Iache bia mezani mpaka baridi iitoke, ndipo uinywe. Kama bado inanyweka, hiyo ni bia. Pombe kali nzuri inakuchoma kooni na kukusamehe papo hapo. Mbaya inakuchoma, inalala, halafu inaamka pamoja na wewe asubuhi kuendeleza ugomvi. Lakini kipenzi changu ni mvinyo wa mananasi, tena wa kutengeneza mwenyewe. Ukiwa mzuri, utamu unaingia kwanza, uchachu unafuata, kisha vinaondoka vyote viwili kama mke na mume wanaoelewana. Ukiwa mbaya, utamu unaondoka peke yake, uchachu unabaki kukuuliza ulikuwa wapi.

Mtaani waliniita Bibi Pua. Si kwa sababu ya ukubwa wake, ingawa sikunyimwa. Ni kwamba nilikuwa nikisimama mlangoni tu, bila kufungua pipa, nikakuambia hili liko tayari, lile liache siku nne, na hili mwaga kabla majirani hawajajua. Sikukosea. Watu walikuwa wakiniletea hata samaki ninuse kabla hawajanunua.

Basi mwaka jana nikaugua mafua. Wiki mbili kitandani, na yalipoondoka yaliondoka na mali yangu. Pua ikabaki usoni kama pambo. Sabuni, vitunguu, mvua inayoanza kunyesha, yote sisikii harufu yake. Siku moja nilikaa hatua mbili kutoka jikoni, maziwa yakaungua mpaka sufuria ikawa nyeusi kama tairi, na mke wa mwanangu akaja mbio kutoka uani. Nikamwambia nilikuwa nasali macho wazi. Akanitazama, akachukua sufuria, akaenda kuisugua. Sikumwambia yeye wala mtu mwingine. Mtu aliyeitwa Bibi Pua miaka yote hiyo hawezi kuamka siku moja akawa Bibi tu.

Huyu mkamwana wangu inafaa umjue. Mwanangu ni dereva wa lori, nyumbani anakuja kama mgeni, anakula, analala, anaondoka. Mkewe alikuwa akishona katika karakana ya mashati. Miaka sita alishona kola tu, hajawahi kuona shati likiisha mkononi mwake. Vumbi la nyuzi likamkaa kifuani, akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Daktari akamwambia achague, cherehani au mapafu. Akachagua mapafu, akaja kuniomba nimfundishe kazi yangu ya mvinyo, kwa kuwa mikono yangu mimi haiinui tena pipa. Nikamfundisha. Ana mkono mzuri na hana haraka, na akiambiwa kitu mara moja hasahau. Kasoro yake ni moja, ananiheshimu kupita kiasi.

Mteja wetu mkubwa ni mwenye baa ya mtaa wa pili. Tunamwita Bwana Kofia, maana hajawahi kuonekana bila kofia, na kilichomo chini yake kilikuwa kimeshazua maneno mengi mtaani. Miaka ishirini na zaidi alichukua mvinyo kwangu. Sasa watu wa kiwandani walikuwa wakimfuata na mvinyo wao wa maboksi, na amesikia kwamba mimi siufanyi tena kwa mkono wangu. Akaja kuniambia bila kuzunguka: baada ya miezi miwili, Jumamosi alasiri, atakuja aonje atakachotengeneza mkamwana peke yake. Kikimridhisha, anaendelea na sisi. Kisipomridhisha, anachukua maboksi. Nilijaribu kumkumbusha sisi ni watu wa siku nyingi.

"Bibi Pua," akasema, "wateja wangu hawanywi siku nyingi. Wanakunywa kilichomo kwenye glasi."

Hapo mkamwana alikuwa amesimama na ndoo mkononi. Nilijua anachowaza. Bila baa ile hapana kazi hii, na bila kazi hii ni kola tena, na kikohozi.

Akatengeneza mapipa mawili. Moja akaliweka chini ya dirisha, la pili ukutani nyuma ya mlango, kwenye giza. Alimenya, akaponda, akatia maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari, hamira. Kila mfuniko ulikuwa na tundu, na tunduni ulitoka mpira mwembamba mpaka ndani ya chupa ya maji, ili hewa itoke bila kuingia. Viputo vilipokoma aliuhamisha mvinyo, akaacha mashapo chini, akaandika tarehe kwa chaki, akafunga. Tangu hapo hakugusa. Nilimfundisha mwenyewe: pipa likishatulia, mwenye kulifungua ni adui yake.

Sasa sikiliza upumbavu wa mzee. Nilijua siku ya siku mkamwana ataniuliza lipi zuri, na sina cha kumjibu. Pua haipo. Nikafikiri, nikakumbuka wale inzi wadogo wadogo, wale wa kwenye ndizi zilizoiva sana. Mvinyo ukianza kugeuka siki wanaujua kabla ya mtu yeyote. Nikasema, vyema, nitaajiri pua za wengine.

Kiti changu kiko dirishani. Kila alasiri mkamwana akienda kuanua nguo, mimi nainua mfuniko wa pipa lile la dirishani, nauweka magotini, nasubiri. Wiki ya kwanza hakuja inzi. Nikajisifu. Wiki ya pili wakaja watatu, nikawapungia mkono, nikajiambia hao ni wapita njia. Mmoja alizama, nikamtoa kwa kijiko na kumpa pole. Akisikika mkamwana mlangoni, mfuniko umesharudi mahali pake na mimi nimesinzia. Pipa la ukutani sikulipima. Kule ni giza, macho hayafiki, na magoti nayo yalikuwa na msimamo wao.

Asubuhi ya Jumamosi mkamwana alisafisha chumba kile kama anayemngoja rais. Aliposhughulika na glasi nikainua mfuniko kwa mara ya mwisho. Hakuna inzi hata mmoja. Nikangoja, nikahesabu mpaka mia mbili. Hata mmoja. Nikafunika, nikajiambia pipa hili limefaulu mtihani.

Akachota kidogo kidogo kutoka mapipa yote mawili, akaninyooshea glasi. Alikuwa ameshanusa.

"Mama, hili la dirishani linanichoma puani," akasema taratibu. "La ukutani naliona limetulia zaidi."

Nikaleta glasi puani, nikafumba macho kama zamani. Kimya. Nikaonja, lakini ulimi usio na pua ni mlinzi aliyesinzia getini: niliona uchachu, na uchachu si upo katika kila mvinyo wa mananasi. Nikamwambia pua yake bado changa, ampe mgeni la dirishani. Akasema sawa mama. Yaani hivyo tu, sawa mama, akaenda kuosha glasi ya mgeni mara ya tatu.

Bwana Kofia alifika saa tisa. Hakukaa, alisema ana watu wa kiwandani wanaomsubiri saa kumi. Akasimama katikati ya chumba, akakunja uso.

"Mbona mnanuka mafuta ya taa humu?"

Mkamwana akacheka kwa aibu kidogo, akasema ni yeye, amefuta fremu za dirisha asubuhi. Kulikuwa na vijiinzi siku hizi, hakutaka mgeni awaone.

Nilihisi kiti kinazama nami. Mafuta ya taa. Hata punda angeyasikia, na mimi nilikaa pembeni yake asubuhi nzima nikihesabu mpaka mia mbili. Inzi hawakukosekana kwa sababu mvinyo ni mzuri, walikosekana kwa sababu walikuwa na pua kuliko mimi. Nikafungua kinywa, lakini glasi ilikuwa imeshafika mdomoni mwa Bwana Kofia, na mimi, Mungu anisamehe, nikafunga kinywa na kuomba bahati.

Alionja. Akaanza kuongea.

Alisema rangi ni nzuri. Alisema glasi ni safi sana, siku hizi si kawaida kuona glasi safi namna ile. Aliuliza habari za mwanangu na lori lake. Kadiri alivyoongea ndivyo nilivyozidi kunywea kitini. Mwishowe akaiweka glasi dirishani na kumgeukia mkamwana, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Mwanangu, hiki kimeshaanza kuwa siki. Umeingiza hewa. Ulikuwa unafunguafungua."

"Sikufungua, baba. Hata mara moja."

"Wote husema hivyo. Wala si kosa la kuchekwa, mtu anayeanza kazi lazima achungulie. Labda mwakani."

Mkamwana akatazama lile pipa, akatazama tarehe yake ya chaki. Nilimwona akitafuta kosa ndani ya kichwa chake, siku baada ya siku, kama anayetafuta sindano aliyoidondosha. Kisha akasema, "Labda sikuukaza mfuniko vizuri. Nisamehe, baba. Nisamehe, mama."

Kuniomba radhi mimi. Hapo ndipo niliposhindwa.

"Mfuniko ulikazwa," nikasema. "Nilifungua mimi. Kila siku."

Bwana Kofia akaniuliza kwa nini, mimi, mtu wa miaka yote hiyo.

"Nilikuwa nasubiri inzi."

Hakuna aliyecheka, na ilinibidi nieleze. Nikaeleza yote, mafua, maziwa, kijiko, mia mbili. Niliwaambia sisikii harufu ya kitu chochote tangu mwaka jana, hata akiingia mbuzi dume nitajua kwa kumwona. Nilimwambia Bwana Kofia kwamba mkamwana alinusa asubuhi akasema kweli, na mimi nikamnyamazisha kwa jina langu la zamani. Pipa la dirishani nililiharibu mimi. Kama anataka kujua mkono wa mke wa mwanangu, auonje kwenye pipa ambalo magoti yangu hayakufika.

Akanikazia macho. "Na ule mvinyo wa miezi mitatu iliyopita, uliosema unanukia kama bustani?"

"Wewe ndiye uliyesema bustani. Mimi nilikubali."

Mkamwana alikuwa ameshuka chini, amechuchumaa mbele ya kiti changu. Akaniambia alijua tangu siku ya maziwa. Aliona pua imechoka, akanyamaza ili asiniaibishe, akidhani ulimi wangu bado unaona. "Lakini inzi, mama," akasema, "inzi sikuwajua." Na mabega yakaanza kumtikisika. Nilifikiri analia. Hakuwa analia.

Bwana Kofia aliangalia saa yake. Aliangalia mlango. Nikamwambia haitamchukua muda mrefu kuliko alioutumia kusifia glasi. Akapumua, akasema haya, kidogo tu.

Mkamwana akaenda ukutani. Nilisikia mpira ukivuta, nikasikia mvinyo ukiingia kwenye glasi nyingine, maana masikio bado ni yangu. Akaileta kwa mikono miwili. Bwana Kofia akanywa akiwa amesimama, mwili umeelekea mlangoni.

Hakusema rangi. Hakusema kifua. Nje mtoto wa jirani alikuwa akipigapiga bati, akaacha, na ndani hapakuwa na sauti hata ya kumeza. Mkamwana aliniangalia akitaka kujua kimeharibika nini, kwa nini mtu haongei, nami nikamkonyeza jicho ili asitie neno. Mtu huyo aliitazama glasi. Akanywa tena, kidogo, kama anayemuuliza mtu swali la pili. Kisha akavua kofia, akajipangusa kichwa, na miaka ishirini ya maneno ya mtaani ikaisha hapo hapo: kipara, safi, chenye kovu dogo.

"Mna kiti?" akauliza.

Nikampa changu. Saa kumi ilipita akiwa amekikalia, na watu wa kiwandani sijui walisubiri wapi. Alipoondoka alibeba madumu mawili, akapanga na mkamwana siku ya kuja kuchukua mengine. Na ni mkamwana aliyeagwa, si mimi. Mlangoni akakumbuka kofia, akarudi kuichukua, akanitaka nisiseme nilichokiona. Nikamwahidi. Jirani wa kwanza nilimwambia kabla hajafika kona.

Baadaye mkamwana aliniletea glasi ya pipa la ukutani, akakaa chini karibu yangu. Sikuomba. Akanusa kwa niaba yangu, akaanza kunieleza polepole, akitafuta maneno. Alisema kuna nanasi, lakini si nanasi bichi, ni ganda lake likiachwa juani. Nyuma ya hilo kuna kama asali iliyokaa mtungini. Na mwisho kabisa, kwa mbali, kama shati lililokauka kwenye upepo. Alikuwa anajua mambo ya mashati.

Nikanywa. Nikafumba macho, nikanyamaza.

"Nimepatia, mama?"

"Umesahau kitu kimoja."

Akainusa tena glasi kwa bidii, uso umemkunjamana. "Kipi?"

"Mafuta ya taa," nikamwambia.