Kisanduku cha Nne

Kisanduku cha nne ndicho kilichobaki kitupu. Kila ukurasa wa jalada la kidijiti ulikuwa na visanduku vinne, kimoja chini ya kingine, na kila kimoja na swali lake. Nimejifunza nini? Nimekiona wapi katika maisha yangu? Nini bado kinanitatiza? Na cha mwisho: Ningependa mwalimu wangu ajue nini? Vitatu vya juu Mwamvita alivijaza. Cha nne alikiruka, mwanafunzi baada ya mwanafunzi, kama mtu anavyoruka dimbwi lililo mbele ya mlango wake mwenyewe.

Alikuwa mchapaji katika steshenari ya mzee Sabiri, pale Isevya, mjini Tabora. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini vidole vyake havikuwa na habari hiyo. Mradi wa majalada ulipofika katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa mji, ulikuja na vishikwambi sita kwa wanafunzi zaidi ya mia mbili, na viwili vikafa kabla muhula haujaisha. Mwalimu Kornel, msimamizi wa mradi, akabuni njia: wanafunzi waandike kwenye karatasi, karatasi ziletwe Isevya kila Ijumaa, Mwamvita aziingize. Akampa nywila. Akampa na agizo moja, kwamba cha nne aachane nacho. Alisema mtoto ukimuuliza anataka nini atakuandikia maharage yenye wadudu, na wageni wa mradi hulifungua jalada wakiwa huko huko kwao. Si adabu mgeni kupitishwa jikoni kabla ya sebuleni. Vingejazwa baadaye.

Mwamvita aliitikia. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, akitoka Tabora hadi pwani na pembe za ndovu za watu begani, na nyumbani kwao ilibaki kauli moja kama urithi wa watu wasio na shamba: mpagazi haulizi kilichofungwa.

Ila macho hayafungwi kamba. Alizisoma karatasi zote. Nyingi zilikuwa ndugu wa baba mmoja: nimejifunza mambo mengi, nimefurahi sana, nitaongeza bidii. Watoto walinakiliana hadi furaha. Karatasi ya Koleta haikufanana na ya mtu. Alikuwa binti wa kidato cha pili, mtoto wa wakulima wa Ntalikwa, na ndiye aliyetumwa kuleta furushi kila Ijumaa. Darasani fizikia yake ilikuwa ya Kiingereza. Jalada liliruhusu Kiswahili, na humo ndimo alimopatia pumzi. Akishakabidhi karatasi hakuondoka. Alikaa kwenye benchi kutazama maneno yake yakichomoza kwenye kioo.

"Dada, unachapa kama mvua ya mawe kwenye bati."

"Na wewe unaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Hii ni nne au ni tisa?"

Ijumaa moja, katika kisanduku cha nne, Koleta aliandika kwamba kituo cha uzito amekiona kwenye ukuta wa choo cha wasichana. Ukuta umeinama upande wa nje kama mtu anayetegea sikio maneno ya jirani, aliandika, na kitu ambacho uzito wake umetoka juu ya msingi wake kinasubiri siku tu. Chini yake alimwomba mwalimu aende akautazame. Mwamvita akachapa vitatu. Ijumaa ya pili ombi likarudi. Ya tatu likarudi likiwa limepigiwa mstari.

"Dada," Koleta aliuliza siku hiyo, "huko ndani yanafika kweli? Mbona mwalimu hajibu?"

Jibu lilikuwa fupi, na lilikuwa mdomoni. Mwamvita alilimeza. Badala yake akasema jambo ambalo lilionekana jema, na kwa muda mrefu baadaye atajiuliza kama si wema huo hasa uliofanya kazi.

"Maneno matupu hayamwamshi mtu, Koleta. Weka vipimo."

Akafungua droo akatoa timazi ya marehemu baba yake, aliyekuwa mwashi na aliyesimamisha nusu ya nyumba za mtaa ule: shaba yenye umbo la pia na ncha kali, ndefu kama kidole gumba, na uzi wake mweupe uliokwisha kuwa rangi ya udongo. Akamwonyesha. Unauning'iniza uzi kutoka juu ya ukuta, upande ulioinamia. Unasubiri shaba itulie kabisa, maana ukipima inacheza unajidanganya mwenyewe. Kisha unapima nafasi iliyo chini, kati ya ncha na ukuta. Koleta aliipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga.

Sentimita nne. Nne na nusu. Sita. Mvua zikakolea; tisa. Kisha kumi na moja, na mbele yake maneno haya: leo nimesubiri sana kabla haijatulia. Yote yaliandikwa katika kisanduku cha nne. Wiki ya sentimita tisa na ile ya kumi na moja Mwamvita alilala vibaya. Siku moja aliichapa ile tarakimu, akaitazama, akaifuta. Alijiambia kwamba walimu wana macho, na ukuta hauhitaji jalada ili uonekane.

Ukuta ulianguka Jumatano, saa nne, wanafunzi wakiwa kwenye uji. Uliangukia nje, juu ya mtu mmoja.

Shule ilisema binti alikuwa akicheza nyuma ya choo, mahali palipokatazwa. Hivyo ndivyo ilivyosemwa hata kwenye mazishi, Alhamisi, mbele ya padri, jeneza likiwa pale. Mwamvita alikuwa nyuma kabisa, kati ya wanawake wa mjini waliokuja kwa heshima. Mmoja alinong'ona kwamba watoto wa siku hizi hawasikii la mkuu. Apolinaria, mama wa marehemu, aliyasikiliza yote ameinamisha kichwa, kama mtu anayevishwa nguo ya mwingine na kuambiwa imemkaa.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Mwalimu Kornel alikuja kwa pikipiki yake, mikono mitupu. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu na shati alilivaa kinyume. Alieleza kwamba wachunguzi wanakuja Jumatatu na watayafungua majalada. Hawatakuta kitu, na hicho wasichokikuta ndicho kitakachowaokoa wote. Kesho saa kumi angekuja kubadili nywila. Zile karatasi zichomwe kabla ya hapo.

"Mimi sikuona," alisema, "na wewe hukuona."

"Sawa, mwalimu," alijibu Mwamvita. Ndilo jibu alilokuwa nalo kwa watu wote.

Jumamosi, saa nane na nusu, mwanamke wa makamo aliyejifunga khanga mbili aliingia dukani na picha ndogo ya kitambulisho cha shule. Mwamvita alimtambua kabla hajaketi. Alimpa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu." Alitaka picha ikuzwe, iwekwe plastiki, ikae msalabani. Kisha akafungua pindo la khanga akaweka kitu juu ya meza. Shaba iligonga mbao. Uzi wake ulikuwa na vumbi jekundu la matofali. "Walipomwosha walikuta hiki mkononi. Vidole vilikataa kukunjuka. Walimu wamesema ni kidude chake cha kuchezea. Koleta wangu alikuwa na miaka kumi na sita, palizi analima mistari sawa na baba yake. Alikuwa akikutaja sana nyumbani, dada wa Isevya. Niambie, hiki ni nini?"

Neno sijui lilikuwa jepesi. Lilikwisha fika kwenye ulimi, na hakuna ambaye angelipekua. Lakini kwenye shingo ya ile shaba kulikuwa na mkwaruzo wa herufi moja, ambayo baba yake aliichora kwa msumari ili mafundi wenzake wasimwibie.

"Ni timazi, mama. Ilikuwa ya baba yangu. Mimi ndiye niliyempa."

Akavuta boksi chini ya meza. Karatasi za Koleta zilikuwa nane, na alikuwa amezipanga. Akamsomea, moja baada ya nyingine, kisanduku cha nne tu. Alipofika kwenye kumi na moja, leo nimesubiri sana kabla haijatulia, Apolinaria alifumba macho.

"Walimu waliyasoma?"

"Hayakufika. Niliambiwa niyaache, nikayaacha."

"Yote manane."

"Yote."

"Ila wewe uliyasoma."

Halikuwa swali. Mwamvita aliitikia kwa kichwa. Apolinaria hakulia wala hakulaani. Alisogea tu, akaacha nafasi ya mtu mzima kati yao kwenye benchi, na nafasi ile ilikuwa baridi kuliko tusi.

"Andika," alisema mwishowe. "Pale alipotaka yeye."

Mwamvita akamweleza taratibu kwamba jalada hujiwekea tarehe lenyewe. Itasomeka ya leo. Watasema imetungwa baada ya msiba.

"Watasema. Na mimi nimekuja leo. Andika, na jina lako uliweke chini."

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika arobaini. Mwamvita alifungua jalada la Koleta, akashuka hadi kwenye swali la mwisho, akaweka kidole. Nyuma yake alisikia benchi likilia. Apolinaria alikuwa amesimama, ameutundika uzi kwenye msumari wa fremu ya mlango, kama karatasi zilivyosema, na anaitazama shaba ikienda na kurudi, ikienda na kurudi.

"Inatulia saa ngapi?" aliuliza.

"Inachukua muda, mama. Usiiguse."

Alianza kuchapa. Nje pikipiki ilipunguza mwendo, ikazimwa. Apolinaria hakuinua macho kuangalia nje. Alikuwa amechuchumaa, kiganja chini ya ile ncha, akisubiri.