Majani Ndani ya Soksi

Watu wa Karatu walimwita Olais "Beki Godoro", na wa kulaumiwa alikuwa yeye mwenyewe. Kila siku ya mechi alichukua majani mabichi aliyokatiwa na mama yake, Naipanoi, akayapanga juu ya ugoko wa kulia, kisha akafunga kinga ya plastiki na kupandisha soksi. Plastiki tupu ilimuuma. Mfupa ule uliwahi kuvunjika ukaunga vibaya, na ukibonyezwa kidogo tu ulimkumbusha jina la mtu.

"Mzee, unakwenda kucheza au kulisha ndama?" kocha Clemensi alimtania.

"Leo nakwenda kuchinja, kocha."

Wenzake wakacheka. Olais hakucheka.

Jina lenyewe lilikuwa Lekoko. Miaka kumi na mmoja nyuma walichezea timu moja Arusha, Olais wa Malambo na Lekoko wa Ololosokwan, Wamaasai wote wawili, wakila sahani moja. Timu kubwa ya Dar ikatuma watu. Ilitaka mchezaji mmoja tu, na minong'ono ikasema ni beki. Kesho yake mazoezini Lekoko akamkanyaga Olais ugokoni kwa njumu zote mbili, mpira ukiwa hatua kumi mbali. "Pole, ndugu yangu," akasema. Wiki iliyofuata akapanda yeye basi la Dar.

Olais alipopona, hakuna aliyemkumbuka. Akawa beki wa kuazimana kama jembe: Shinyanga msimu mmoja, Songea nusu msimu, Kigoma akakaa benchi mpaka akazijua mbao zake zote, Singida timu ikavunjika wachezaji wakiwa safarini. Sasa ana miaka thelathini na tano, yuko ligi ya mkoa, na kote alikopita hakusamehe hata kwa bahati mbaya. Wenzake walitembea na picha za wake zao. Yeye alitembea na ugoko.

Naye Lekoko alikuwa ameshuka ngazi moja baada ya nyingine, akatua timu ya Arusha, wageni wa Karatu siku ile, bado mshambuliaji ingawa tumbo lilimtangulia.

"Beki wangu!" alimsalimu. "Kumbe bado unatembea?"

"Natembea. Niangalie vizuri, usije ukasahau jinsi ya kutembea."

Mmaasai akizidiwa katika ugomvi, aking'oa jani na kuliinua, adui hushusha mkono. Jani hulisha ng'ombe, na ng'ombe hulisha nyumba. Anayempiga mwenye jani mkononi amejitafutia laana. Olais alilijua hilo, ndiyo maana wiki nzima aliukagua uwanja kama mtu anayenunua shamba. Ilikuwa Septemba. Kote vumbi jekundu, isipokuwa kona moja penye bomba linalovuja, palipoota ukoka. Basi kazi ilikuwa moja: Lekoko asifike kwenye ukoka.

Kipindi cha pili Lekoko akapokea mpira na kukimbilia kona ile. Olais akamzibia pembeni, akamswaga kuelekea katikati, kama dume lililoingia kwenye mahindi ya watu. Lekoko akajikwaa, akaanguka chali. Mpira ukaenda zake, na mwamuzi na macho yake yote wakaufuata.

Olais akainua mguu wa kulia. Alitaka ugoko uleule ndio ulipe kisasi.

Lekoko akaelewa. Mkono wake ukapapasa kulia: vumbi. Ukapapasa kushoto: vumbi na kizibo cha soda.

"Tafuta," Olais alimwambia polepole. "Tafuta vizuri."

Kwa hofu Lekoko akaudaka mguu uliokuwa juu yake, akavuta. Soksi ikateremka, kinga ikachomoka, na majani yakamwagika kifuani pake. Akayatazama kama mtu aliyeangukiwa na mana. Kisha akajaza majani mkononi, akauinua mkono.

Upande wa mashabiki wa Kimaasai, wenye shuka, kelele zikakatika. Sauti moja tu ikatoka huko, ya mama yake, Naipanoi: "Olais!"

"Hayo ni yangu!" Olais alifoka. "Rudisha!"

"Yako, yangu, ni majani," Lekoko alitweta.

Mguu ulibaki hewani. Kuushusha kulimuuma kuliko ulivyovunjika. Akausimamisha ardhini, akainama, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Haya, una amani. Ila umeishika mwenyewe, ndugu yangu. Ukiidondosha, niko nyuma yako."

Dakika thelathini zilizobaki Lekoko alizicheza ngumi imefumbwa. Akapewa mpira wa kurusha, akakataa. Akitaka kuruka, kwanza anaangalia mkono. "Wewe baba, tua mzigo ucheze!" Clemensi alimzomea, na Wairaqw, wenyeji wa Karatu, ambao asubuhi hawakujua habari za jani sasa waliimba pamoja na Wamaasai: "Dondosha! Dondosha!" Dakika za mwisho Karatu wakapata kona, Olais akaifunga kwa kichwa. Aliyepangwa kumkaba alikuwa Lekoko, lakini nani anamkaba beki kwa mkono mmoja?

Baada ya mechi Olais alikaa juu ya ukoka, soksi chini, akikanda ugoko. Basi la Arusha likapita likijikongoja, Lekoko dirishani.

"Olais! Sasa naweza kuyatupa?"

"Tupa tu. Leo yameisha." Olais akapandisha soksi. "Marudiano ni kwenu, si ndiyo? Nasikia uwanja wenu mmeuwekea nyasi za plastiki."

Lekoko alikuwa ameshautoa mkono dirishani ayatupe.

"Na mimi," Olais alisema, "siku hiyo nitavaa plastiki tupu. Nitavumilia."

Basi likaondoka. Ngumi ya Lekoko, iliyokuwa imeanza kufunguka, ikayafumbata tena majani.