Managu ya Matanga

Mogire alipuliza mboga zake za managu dawa ya wadudu Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi pikapu ya Syprose ikapiga honi langoni. Hakumtarajia. Syprose ni mchuuzi wa mboga wa Kendu Bay, kando ya ziwa, na siku zote huja kununua kwa Mogire huku Marani Jumatatu.

"Shemeji, mama mkwe wangu ametuacha," alisema akishuka; ndivyo walivyoitana kwa mazoea ya biashara. "Tunazika kesho. Nataka managu yote uliyo nayo."

"Pole sana, shemeji. Lakini..."

"Lakini nini? Kama huna, niambie nipitie kwa Omwenga. Yeye hanaga lakini."

Hapo ndipo Mogire alipochomwa. Omwenga, jirani wa ng'ambo ya kijito, alikuwa amemmezea mate mteja huyo tangu zamani. Ni kweli mwenye duka la dawa alimwonya Mogire angoje wiki nzima kabla ya kuvuna. Lakini aliyatazama majani, mapana, yamenona, hata hayanuki. Akajiambia kwamba usiku mvua ilinyesha, itakuwa imeosha. Mvua gani? Manyunyu ya kulaza vumbi tu.

"Kata," Mogire alimwambia.

Magunia yakajaa, pikapu ikashuka kuelekea ziwani.

Jacinta, mkewe, alirudi kutoka kwa mamake huko Nyamira Ijumaa, jua likiwa limepanda. Akakuta shamba limenyolewa kama kichwa cha mfiwa.

"Baba Nyakerario, managu yamekwenda wapi?"

"Syprose amechukua. Wana matanga."

"Si uliniambia kwa simu umepuliza?"

"Ilikuwa dawa kidogo tu."

"Kidogo?" Jacinta aligeuka akatazama banda. "Na kuku mbona umewafungia?"

Mogire alikuwa amewafungia wasidonoe yale majani.

"Kuku umewahurumia," Jacinta alisema polepole. "Watu ukawapelekea."

Mogire alitoa simu akampigia Syprose. Ililia sana kabla Syprose hajashika. Nyuma yake watu waliimba nyimbo za kanisa.

"Shemeji! Ahsante kwa mboga. Imeiva, ndiyo tunataka kupakua."

"Usipakue. Nilipuliza dawa Jumatano. Mwaga yote."

Nyimbo zikafifia, Syprose akijitenga na watu.

"Watu wametoka hadi Mombasa na Musoma kutuzikia," Syprose alisema. "Unaniambia saa hii?"

"Mwaga, shemeji. Kosa ni langu."

"Usiniite shemeji."

Alimsikia akipiga kelele kwa Kijaluo. Hakuelewa neno, lakini alisikia sufuria ikiburutwa, na wanawake wakiulizana kwa sauti za juu. Syprose aliporudi kwenye simu alikuwa akihema.

"Apiyo ameshaonja. Ndiye aliyekuwa akipika tangu asubuhi, kila mara anaonja chumvi. Anasema tumbo linamkata. Sijui ni woga, sijui ni mboga yako."

"Mpelekeni hospitali! Dawa ni ile ya wadudu, jina lake nitalituma sasa hivi, mwonyesheni daktari."

"Wanampakia kwenye gari. Wewe ngoja hapo."

Simu ikabadilisha mikono. Sauti ya mzee ikaja, nzito, haina haraka.

"Omera, ndugu yangu, mimi ndiye niliyefiwa na mke. Wananiambia una neno."

Mogire alisimama wima, akavua kofia.

"Ndiyo, baba. Lakini si la kusema kwa simu. Nakuja."

"Njoo," mzee alisema. "Ila uje kabla watu hawajatawanyika. Wote wakusikie."